Mchezo wa mashujaa na kaye ya kurasa 14



Siku ya posho iliyopita, kisha kula sombe, wenzetu watatu wa tatu umanite walikuja mbele ya sisi makapita na kaye moja ya kurasa 14. Iliandikwa yote na biki ya bluu, na biki nyekundu pahali pa maneno makubwa. Waliomba ruhusa ya kucheza mchezo mpya katika refektuari saa ya mapumziko. Tulichukua kaye, tukaisoma siku tatu. Direkta wa nidhamu alituuliza mawazo yetu, tukapatana kuyaandika hapa, kwa sababu wengi wameanza kusema mambo ambayo hawajayaona: eti ni mchezo wa kutabiri, eti ni mchezo wa franka. Hapana. Si mambo ya kutabiri, na franka hakuna.

Mchezo uko hivi. Watu wanne ao watano wanakaa kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi. Wengine, kila mmoja anashika shujaa wake mwenye nguvu zisizo za watu wa kawaida: anaweza kuruka, ao kupita ndani ya moto, ao kusikia maneno ya watu walio mbali. Msimulizi anasema: "Mamba amekamata pirogi katikati ya mto, na ndani kuna mama wawili. Munafanya nini?" Kila mmoja anajibu kwa shujaa wake. Jambo likiwa gumu, anatupa dadu, nazo zinasema kama ameweza ao ameshindwa. Hakuna ubao wala kete. Hadithi inatembea kwa mdomo, na kanuni zinailinda isiwe fujo.

Sasa shida ni hizo kanuni. Wenzetu walizitoa katika kitabu ambacho kaka ya mmoja wao alileta kutoka Kampala, nakala ya mashine, kurasa zingine hazisomeki. Huyo kaka alitupa pia nafasi ya kuangalia vitabu vingine vya namna hiyo katika telefoni yake, jioni mbili, mpaka moto wa betri ulipokwisha. Basi hatusemi kama watu waliosikia tu barabarani.

Vitabu vya michezo ya mashujaa vilianza kuuzwa Marekani mwaka 1977. Cha kwanza kiliitwa Superhero 2044, cha Donald Saxman. Mwaka 1979 kikafuata Villains and Vigilantes, cha Jeff Dee na Jack Herman. Huyo Dee alizaliwa mwaka 1961, basi alikuwa kijana wa umri wetu sisi wa mwaka wa mwisho, na katika mchezo wao mchezaji anaanza kwa kujichukua yeye mwenyewe kuwa shujaa, kisha dadu zinampa nguvu. Tulifurahi sana kusoma hilo. Watu wengine hapa wanafikiri kijana wa miaka 18 anaweza kufuata kanuni tu, hawezi kuzitunga.

Kaye ya wenzetu inafuata kitabu kingine, kinachoitwa Champions, cha mwaka 1981, cha George MacDonald na Steve Peterson. Hicho ndicho kizito. Shujaa hapati nguvu kwa bahati ya dadu. Ananunuliwa kwa pointi. Unapewa pointi 100 za kuanzia. Ukitaka zaidi, unaandika udhaifu wa shujaa wako: ana adui anayemwinda, ao ana hasira, ao anaogopa kitu fulani, na kila udhaifu unakuletea pointi zingine. Kuruka kuna bei yake, ngozi ngumu ina bei yake. Nguvu ikiwa ndani ya kitu unachoshika mkononi, bei inashuka, kwa kuwa adui anaweza kukunyanganya. Na kupigana nako ni hesabu. Unachukua 11, unaongeza namba yako ya kushambulia, unatoa namba ya adui ya kujikinga, kisha unatupa dadu tatu: jumla isipite pale. Kama nyinyi wawili muko sawasawa, inabaki 11, na ukihesabu namna zote 216 za dadu tatu kuanguka, utaona unafaulu mara 5 katika 8. Tulizihesabu, ilitushika saa moja na nusu. Juu ya hiyo, kila pigo linahesabiwa mara mbili, moja ya kuzimia na moja ya kuumia mwilini. Na zamu moja ya sekunde 12 imekatwa vipande 12, mwenye mbio anacheza vipande vingi, mzito anacheza vichache. Pigano la dakika moja linaweza kula mapumziko yote.

Mwaka 1984 kampuni ya TSR ilitoa mchezo mwingine, Marvel Super Heroes, wa Jeff Grubb, akisaidiwa na Steve Winter katika kuandika. Huo ulikwenda njia ingine kabisa. Shujaa ana vipimo saba, na kila kipimo hakisemwi kwanza kwa namba bali kwa neno: dhaifu, kawaida, kizuri, cha ajabu, na kuendelea kupanda. Kuna jedwali moja tu lenye rangi nne. Unatupa dadu upate namba kati ya 1 na 100, unashuka na kidole katika safu yako, unaona rangi. Nyeupe, umeshindwa. Kijani, manjano, nyekundu, umefaulu, kila moja zaidi ya ile iliyotangulia. Iwe ni kupiga, ni kuruka, ni kuvunja mlango, jedwali ni lile lile. Mtoto wa darasa la saba anaweza kulisoma tangu siku ya kwanza.

Na karibu na siku zetu, mwaka 2016, kuna ule unaoitwa Masks, wa Brendan Conway. Huo unatumia dadu mbili za kawaida, zile zile za ludo. Jumla ikiwa 10 ao zaidi, umefaulu vizuri. Kati ya 7 na 9, umefaulu lakini kuna bei ya kulipa. Sita kushuka, mambo yanaharibika. Mashujaa wa mchezo huo ni vijana tu, na pigo haliwapunguzii damu; linawaachia woga, ao hasira, ao aibu ya kosa, ao kukata tamaa, ao kujiona si kitu. Tena maneno ya wakubwa yana nguvu ndani ya kanuni: mtu mzima akikuambia wewe ni hatari, ao wewe si kitu, namba zako zinabadilika. Tuliposoma hilo tuliangaliana. Wenye kuandika kanuni hiyo hawajafika katika internati, lakini ni kama wamelala hapa.

Wenzetu wa tatu umanite wamemchukua Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa Kivu ya Kaskazini, na tunawasifu kwa hilo. Habari zake zilisimuliwa na mzee Candi Rureke mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene walizitoa katika kitabu mwaka 1969. Mwindo alizaliwa anatembea na anasema. Baba yake Shemwindo hakutaka mtoto wa kiume, akamfunga ndani ya ngoma, akaitupa mtoni. Silaha yake ni conga, usinga wa kufukuzia inzi. Sasa angalieni kazi ya kanuni. Katika kaye ya kurasa 14, kumtengeneza Mwindo kulichukua kurasa mbili nzima: conga kwa bei iliyoshuka, kwa kuwa inaweza kunyanganywa, kiburi chake kimeandikwa kama udhaifu, kimeleta pointi, kutembea siku ya kuzaliwa, walibishana sana kama ni nguvu ao si nguvu. Kwa jedwali la rangi angemalizika kwa mistari kumi. Na katika ule wa dadu mbili, neno la kwanza ambalo lingeulizwa ni la baba yake. Ni mtu mmoja, kanuni tatu, na kila kanuni inakuonyesha Mwindo mwingine. Kwa hiyo hatukubali maneno ya wale wanaosema kanuni ni ganda tu, hadithi njo nyama.

Tuliwauliza wenzetu: juu ya nini mumechagua kile kizito kuliko vyote? Mmoja akajibu maneno ambayo hatukuyategemea. Alisema: "Yaya kapita, kanuni fupi ni kanuni ya mkubwa. Kama haikuandikwa, mwenye mdomo njo anashinda. Leo msimulizi anapenda rafiki yake, kesho rafiki anaruka mpaka kwenye mwezi. Pointi hazijue nani ni rafiki ya nani."

Maneno hayo yametusumbua, kwa kuwa ni kweli. Sisi tunaolala katika bweni tunajua namna foleni ya maji inavyokwenda siku ambayo hakuna karatasi ya majina ukutani. Kitabu kizito kina haki yake: wachezaji wawili wenye pointi sawasawa wanakaa mezani sawasawa, hata kama mmoja ni mtoto wa mchungaji na mwingine anakuja na kaptula moja.

Lakini tuko na jambo lingine la kusimulia, nalo ni juu yetu wenyewe.

Mwaka jana, katika mchezo wa dame, mkubwa mmoja wa mwaka wa mwisho alicheza na mdogo wa darasa la saba. Waliwekeana nusu kipande cha sabuni, na hilo lilikuwa kosa tangu mwanzo. Dame yetu ni ile ya viwanja 100, kila mtu na kete 20, na lazima kula njia yenye kete nyingi zaidi. Mdogo alikuwa mbele. Akakosa kuona njia ya kula kete tatu, akala mbili. Mkubwa akainua kete ya mdogo, akaipuliza, fuu, akaiweka mfukoni. "Nimepuliza. Njo kanuni." Mdogo akasema, "Yaya, sikuijua." Wakaja kwetu. Sisi makapita watatu tuliketi kama waamuzi, na kwa haraka, kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia, tukasema: kanuni ni kanuni, kutoijua si kisingizio. Mdogo akashindwa, akatoa sabuni.

Wiki mbili alifua kaptula yake kwa maji matupu. Kisha tukapata kusoma kwamba katika mashindano ya mataifa kanuni ya kupuliza iliondolewa zamani: aliyekula vibaya, mpinzani wake anaweza kumwambia arudie, ale sawasawa, basi. Tukamrudishia sabuni, tuliinunua sisi wenyewe. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema aksanti yaya. Lakini katika refektuari, saa ya michezo, hajarudi mpaka leo. Anakaa kwenye ngazi ya kapela, anaangalia mto.

Angalieni vizuri: dame haina kanuni nyingi. Ukiziandika zote hazijazi kurasa mbili. Basi huyo mdogo hakuangushwa na wingi wa kanuni. Aliangushwa na kanuni moja iliyokuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, ikatoka siku ambayo ilimfaa mwenye kichwa. Ndiyo maana hatuwezi kupima mchezo kwa hesabu ya kurasa peke yake, kama wanavyofanya wenzetu wengi wanaosema kaye ni nene, ichomwe.

Chukueni bao la Kiswahili, la Unguja na pwani ya Tanzania na Kenya. Sisi hapa tunacheza dame zaidi, lakini mwalimu wetu mmoja alilijua, akatuchimbia mashimo chini ya mwembe: mashimo 32, kete 64. Ni mchezo mzito sana. Mwanzoni kila mchezaji ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na mpaka zile za mkononi ziishe mnanamua. Kisha mnaingia mtaji, na kanuni zinageuka. Kuna shimo linaloitwa nyumba lenye sheria zake peke yake. Kuna vichwa, kuna kimbi, kuna kutakasa. Mtu anaweza kucheza miaka na bado anasahihishwa. Hata hivyo wazee wa pwani hawamtupi mtoto pale siku ya kwanza. Wako na bao la kujifunza: kete mbili katika kila shimo, hakuna za mkononi, hakuna kunamua, mnaanza. Ubao ni ule ule, kete ni zile zile. Mtoto anazoesha mkono, na nyumba anaijua siku ambayo yuko tayari. Tena ubao uko wazi mbele ya macho ya wote, na wanaoangalia wanasema bila kuombwa. Mtu hawezi kuficha kanuni mfukoni.

Hapo ndipo Champions inapotuacha na mashaka. Si hesabu zake. Hesabu tunaziweza, na mwalimu wa fizika angefurahi. Shida ni kwamba hesabu kubwa inafanyika kabla ya mchezo, peke yako, na kitabu. Mwenye kitabu anajua kwamba udhaifu fulani unaleta pointi nyingi na hautamuumiza hata siku moja. Asiye na kitabu anaandika kwamba shujaa wake ni kiziwi, kwa kuwa alifikiri ni vizuri kwa hadithi, kisha anaona amejifunga miguu. Tuliwapa wadogo wawili kaye hii kwa majaribio. Mmoja aliuliza kama atapewa alama. Mwingine aliirudisha kesho yake, amejaza karatasi vizuri, na shujaa wake hakuweza kumshinda hata askari wa kawaida wa msimulizi, wakati shujaa wa mwenye kaye alibeba nyumba. Wote wawili walikuwa na pointi sawasawa! Basi ile haki tuliyoahidiwa ilikuwa ya karatasi.

Na ule wa dadu mbili nao tusiusifu kupita kiasi. Tulijaribu jioni moja. Ulikwenda vizuri, watu walicheka, mamba alikufa. Lakini msimulizi aliamua mambo mengi sana kwa kichwa chake, na msimulizi alikuwa kapita. Hakuna mdogo aliyembishia hata mara moja. Tuliona hilo, na hatukulipenda.

Mmoja wetu, kapita wa bweni la pili, hakubaliani na sisi, na tulimwahidi kuyaandika mawazo yake. Anasema wapewe kaye yao yote kama ilivyo, wenye kutaka wajifunze. Sisi tulijifunza kemia bila mtu kutupunguzia. Tunamjibu kwamba kemia ina mwalimu, na mtihani wake unakuja siku moja kwa wote.

Mawazo yetu tuliyompelekea Direkta wa nidhamu, naye amekubali kwa mwezi mmoja, ni haya. Mchezo uruhusiwe siku ya posho tangu saa nane mpaka saa kumi. Waanze na dadu mbili na karatasi moja, ambayo wenzetu wa tatu umanite wataiandika wao wenyewe na kuibandika kwenye mlango wa refektuari, na kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha kitabu. Kaye ya kurasa 14 isichomwe na isifichwe; ikae mezani imefunguliwa, na kila siku ya posho waongeze kanuni moja kutoka ndani yake, ikisomwa kwa sauti mbele ya wote kabla ya dadu kutupwa. Pointi ziingie mapema, kwa sababu lile neno la kanuni ya mkubwa hatujapata jibu lake. Kanuni isiyosomwa kwa sauti haina nguvu juu ya mtu yeyote, hata kama imeandikwa na biki nyekundu. Na msimulizi asiwe kapita. Tumesema hivyo ingawa wawili wetu tulipenda sana kazi hiyo.

Ule mdogo wa dame, tulimwendea kwenye ngazi ya kapela tukamwomba awe mwenye kusoma kanuni kwa sauti, kwa kuwa anasoma vizuri kuliko wengi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza tu kama katika mchezo huo watu wanapuliza.

Meza itakuwa ile ya karibu na dirisha. Nafasi ni tano, majina yaandikwe kwa kapita wa bweni la kwanza kabla ya Ijumaa jioni. Sanduku la ludo limebaki na dadu moja. Yule aliyechukua ya pili airudishe, hatutamuuliza kitu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho